Ubongo na Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali yanayojirudia kila mazungumzo yanapogusa ubongo na kompyuta. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

1. Jibu la haraka tafadhali: kipi kina uwezo zaidi?

Inategemea kazi. Katika kukokotoa, kupanga, kutafuta, na kurudia jambo lile lile mara milioni bila kuchoka, kompyuta ilimwacha binadamu nyuma tangu miaka ya 1940. Katika kuendesha mwili, kupita mahali pasipojulikana, kujifunza jambo kwa kuliona mara moja, na kuamua la kufanya pale maelekezo yanapokosekana, ubongo bado uko mbele. Katikati kuna eneo pana la lugha, picha na michezo, ambako mpaka unahama, na tangu mwaka 2012 umekuwa ukihama mbio (swali la 6).

Anayekupa jibu la neno moja hajakuuliza kazi yenyewe ni ipi.

2. Kwani ubongo wenyewe si aina ya kompyuta?

Kwa maana pana, ndiyo: unapokea taarifa, unazichakata, unatoa matokeo. Mwaka 1936 Alan Turing alionyesha kwamba mashine moja sahili inaweza kufanya hesabu yoyote inayoweza kuelezwa kwa hatua bayana. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts wakaonyesha kwamba seli za neva, ukizichora kwa urahisi kabisa, zinaweza kufanya kazi za mantiki. Tangu hapo wazo la ubongo kama kompyuta halijatutoka.

Kwa maana ya kifaa, hapana. Kompyuta ya kawaida hufuata mpangilio alioueleza John von Neumann mwaka 1945: prosesa, yaani sehemu inayokokotoa, upande mmoja, kumbukumbu upande mwingine, na data zinasafiri baina yao. Ubongo hauna mgawanyo huo. Viungio kati ya seli, yaani sinapsi, ndivyo vinavyotunza tulichojifunza, na hivyo hivyo ndivyo vinavyochakata. Hakuna programu unayoweza kuing'oa kichwani kwa mtu ukaipachika kwa mwingine. Tofauti hii ndiyo mzizi wa majibu mengi yanayofuata.

3. Ubongo una seli ngapi, na chipu ina transista ngapi?

Hesabu inayokubalika ni takriban seli za neva bilioni 86. Ilipatikana mwaka 2009 na watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, waliogeuza tishu za ubongo kuwa majimaji kisha wakahesabu viini vya seli. Kabla ya hapo vitabu vilirudia bilioni 100, namba nzuri ya mviringo ambayo kila mtu aliinukuu kutoka kwa mwenzake. Sinapsi hukadiriwa kufika trilioni 100 au zaidi.

Chipu ya M1 Ultra ya Apple, iliyotoka mwaka 2022, ina transista bilioni 114. Kwa idadi tupu, basi, chipu imeshapita. Lakini transista ya namna hiyo ni swichi: imewashwa au imezimwa. Seli ya neva hupokea ishara kutoka kwa maelfu ya wenzake, huzipa uzito tofauti, na hubadilisha uzito huo kadiri inavyoishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuiga tabia ya seli moja tu ya gamba la ubongo kulihitaji mtandao bandia wa neva (programu inayoiga seli zilizoungana) wa tabaka tano hadi nane. Ukisikia mtu analinganisha idadi ya seli na idadi ya transista, jua analinganisha vitu visivyo na kipimo kimoja.

4. Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Si kweli. Vipimo vya picha vinaonyesha shughuli katika ubongo mzima, hata usingizini, na kiharusi kidogo karibu popote huacha athari. Hakuna akiba ya asilimia 90 inayosubiri kuwashwa, hata kama matangazo ya kozi fulani yanakuahidi hivyo.

## Kasi na nishati

5. Kompyuta ina kasi kuliko ubongo?

Kwa kila hatua moja, ndiyo, na si kidogo. Prosesa ya siku hizi hupiga mapigo bilioni 3 hadi 5 kwa sekunde. Seli ya neva ni nadra kutoa ishara zaidi ya mia chache kwa sekunde, na nyingi hutoa chache sana. Katika neva zenye ala ya mayelini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka, ishara husafiri hadi mita 120 kwa sekunde. Katika zile zisizo na ala, hazifiki hata mita 2 au 3. Ndani ya waya, ishara ya umeme huenda kwa sehemu kubwa ya kasi ya mwanga.

Mwaka 1980, katika chuo cha Imperial College London, Shakuntala Devi kutoka India alizidisha kichwani namba mbili zenye tarakimu 13 kila moja kwa sekunde 28. Ni maajabu kwa binadamu. Kwa simu ya mkononi, kuzidisha namba za aina hiyo ni kazi ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

6. Kama seli ni za polepole hivyo, mbona namtambua mtu papo hapo?

Kwa sababu ubongo hushinda kwa upana, si kwa mbio. Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake waliwaonyesha watu picha kwa muda mfupi sana na kuwauliza kama kuna mnyama. Mawimbi ya ubongo yalionyesha kuwa jibu limeshaanza kupatikana milisekunde 150 hivi baada ya picha kutokea. Sasa piga hesabu: seli ikihitaji milisekunde kadhaa kupokea ishara na kuipitisha, muda huo unatosha hatua chache tu, moja baada ya nyingine. Hakuna programu ya kawaida inayoweza kumtambua mnyama kwa hatua chache namna hiyo. Kinachofanyika ni kwamba katika kila hatua mamilioni ya seli hufanya kazi sambamba. Neva ya jicho moja peke yake ina nyuzi takriban milioni moja.

Wahandisi walijifunza somo hilo kwa njia ya mzunguko. Prosesa za michoro, zilizobuniwa kwa ajili ya michezo ya video, zina maelfu ya viini vinavyofanya hesabu ndogo ndogo kwa pamoja. Mfumo wa AlexNet, uliowaacha wapinzani mbali katika shindano la kutambua picha mwaka 2012, ulifunzwa kwa kadi mbili za aina hiyo.

7. Ubongo unatumia nishati kiasi gani?

Wati 20 hivi. Ni kilo 1.3 hadi 1.4 za tishu, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Kompyuta kuu ya Frontier, iliyoko Oak Ridge nchini Marekani, ambayo mwaka 2022 ilitangazwa kuvuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, hutumia megawati 20 na ushee. Hiyo ni mara milioni moja zaidi.

Utasoma mara nyingi kwamba ubongo nao "hufanya" hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Ichukue namba hiyo kwa tahadhari. Ubongo haufanyi hesabu za namna hiyo hata zihesabiwe, na makadirio ya wataalamu hupishana kwa maelfu ya mara. Kinachojulikana vizuri zaidi ni sababu za ubanifu wake: seli hunyamaza mpaka iwe na la kusema, na taarifa hazisafirishwi huku na huko kati ya kumbukumbu na prosesa (swali la 2), safari ambayo kwenye kompyuta hula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Mwaka 2014 IBM ilitoa chipu ya TrueNorth iliyoiga tabia hizo. Ilikuwa na seli bandia milioni moja na ilitumia takriban miliwati 70.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Kikokotoo kidogo kinachoendeshwa na mwanga wa taa huushinda ubongo hata kwa ubanifu, mradi kazi iwe ni kuzidisha.

## Kumbukumbu

8. Ubongo una gigabaiti ngapi?

Namba zinazozunguka sana ni petabaiti 1 na petabaiti 2.5 (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja). Ya kwanza ilipata nguvu mwaka 2016, watafiti wa taasisi ya Salk walipopima sinapsi za panya na kukuta saizi zake zinaweza kugawika katika ngazi kama 26, yaani biti (chembe ndogo kabisa za taarifa, 0 au 1) 4.7 hivi kwa kila sinapsi. Zidisha kwa idadi ya sinapsi na utapata namba kubwa ya kuvutia.

Tatizo ni kwamba si nafasi tupu unayoweza kuijaza upendavyo. Sehemu kubwa ya sinapsi hizo hushughulika na kuona, kusikia, kusawazisha mwili na mambo mengine usiyoyafikiria kabisa. Ukitaka kupima kumbukumbu ya kazi, ile unayoitumia kushika namba kabla hujaiandika, matokeo yanatia aibu: mwaka 1956 George Miller alitaja vitu saba, viwili zaidi au pungufu, na tafiti za baadaye zikashusha hadi vinne hivi. Kumbukumbu ya muda ya simu ya kawaida hubeba mabilioni ya herufi.

9. Je, kuna sehemu moja inayohifadhi kumbukumbu, kama diski?

Hapana, na ushahidi wa wazi ulitoka kwa mtu mmoja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kuanzia hapo hakuweza kutunza tukio jipya. Daktari aliyemjua kwa miaka alikuwa mgeni kila siku. Lakini alikumbuka mambo mengi ya utotoni, aliweza kuzungumza na kushika namba kwa muda mfupi, na alipofundishwa kuchora kwa kutazama kwenye kioo aliboreka siku hadi siku bila kukumbuka kuwa amewahi kujaribu.

Kwa hiyo kuna kumbukumbu za aina kadhaa. Hipokampasi huhitajika kuzijenga zile za matukio, ila si ghala lao la kudumu.

10. Kwa nini mimi nasahau na kompyuta haisahau?

Kompyuta hutunza biti mahali penye anwani, na husoma kilekile ilichoandika. Ubongo hauna anwani. Huvuta kumbukumbu kwa mahusiano, ndiyo maana harufu moja inaweza kukurudishia mchana mzima wa miaka iliyopita. Na kila unapokumbuka, unaijenga upya, kama msimulizi na ngano yake: kisa ni kile, maneno si yale.

Gharama yake ilionekana mwaka 1974 katika jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer. Watu walitazama filamu ya ajali ya magari, kisha wakaulizwa kasi ya magari hayo kwa vitenzi tofauti, kingine kikali na kingine cha kawaida. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walitaja kasi kubwa zaidi, na wiki moja baadaye wengi zaidi kati yao walisema waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Kumbukumbu iliyo wazi si lazima iwe sahihi, jambo ambalo mahakama zimechelewa kulikubali.

Lakini kusahau si kasoro tupu. Anayeshika kila kitu hupata shida kuona kinachofanana kati ya vitu. Kuacha undani na kubaki na kiini ni nusu ya kazi ya kujifunza.

11. Ubongo unaweza kujaa?

Hakuna mtu anayejulikana kuwahi kufikia kikomo hicho. Kinachojaa ni kumbukumbu ya kazi (swali la 8), na unapohisi "kichwa kimejaa" ni hiyo pamoja na uchovu.

## Kujifunza na akili

12. Ni katika mambo gani kompyuta imeshawashinda mabingwa?

Mei 1997, Deep Blue ya IBM ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa alama 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa ikipima nafasi milioni 200 hivi kwa sekunde. Machi 2016 ikawa zamu ya Go, mchezo wa ubao wa Asia ya Mashariki, ambao nafasi zake ni nyingi kupita kiasi cha kupimwa hivyo: programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huo, mjini Seoul kwa michezo 4 kwa 1. Hatua ya 37 ya mchezo wa pili iliwashangaza wataalamu, na hatua ya 78 ya Lee katika mchezo wa nne iliishangaza mashine. Baadaye programu ya AlphaFold ilitabiri maumbo ya protini kwa usahihi ambao watafiti walikuwa wakiusaka kwa miongo, na kazi hiyo ikatambuliwa katika Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024.

Ushindi huu una udhaifu wake. Mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa aliifunga mara kwa mara programu ya Go yenye nguvu kuliko bingwa yeyote, kwa mbinu ya kuzingira taratibu ambayo binadamu angeishtukia mapema. Mbinu yenyewe, hata hivyo, iligunduliwa na programu nyingine.

13. Kwa nini yaliyo rahisi kwetu ni magumu kwa mashine?

AlphaGo haikugusa kete hata moja. Mmoja wa wahandisi alikaa mbele ya Lee Sedol na kuziweka ubaoni kwa niaba yake. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1980: ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika mtihani wa akili, na vigumu kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja katika kuona na kutembea.

Maelezo yake yapo kwenye historia yetu. Kuona na kusogea kumenolewa na mageuzi kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kiasi kwamba hatuhisi kazi inayofanyika. Hesabu na sataranji ni mambo ya juzi; tunayaona magumu kwa sababu ubongo haukuundwa kwa ajili yake. Hivyo kipimo chetu cha ugumu kimepinda tangu mwanzo.

14. Mitandao ya neva ya akili mnemba ni nakala ya ubongo?

Ni jamaa wa mbali. Wazo lilianzia kwenye neva: Frank Rosenblatt alitangaza "perceptron" yake, mtandao bandia wa mwanzo wa kujifunza, mwaka 1958, na John Hopfield na Geoffrey Hinton walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa kazi zilizofuata njia hiyo. Lakini njia kuu ya kuifunza mitandao hii, ya kurudisha makosa kinyumenyume tabaka kwa tabaka, haijathibitishwa kuwa ndiyo inayotumiwa na ubongo. Pia mitandao mingi hufunzwa kwanza, kisha uzito wake hufungwa. Ukiifunza jambo jipya bila uangalifu, hufuta la zamani, tatizo lililoelezwa tangu 1989. Wewe hujifunza huku ukiishi, na kujua kuendesha baiskeli hakukufanyi usahau kusoma.

15. Kati ya mtoto na modeli ya lugha, nani hujifunza kwa data chache?

Mtoto, kwa mbali sana. GPT-3 ya mwaka 2020, modeli ya lugha (programu inayojifunza kutunga maandishi kwa kusoma maandishi mengi), ilikuwa na vigezo, yaani namba zinazorekebishwa wakati wa kujifunza, bilioni 175 na ilifunzwa kwa vipande vya maneno takriban bilioni 300. Mtoto anayeingia utu uzima huwa amesikia maneno yanayokadiriwa kwa mamilioni mia chache tu hata ukikadiria kwa ukarimu, na kufikia miaka mitano tayari anatunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Utetezi wa mashine ni kwamba mtoto hakuanza na ubongo mtupu, na anapata pia macho, mikono na watu wa kumjibu. Ni utetezi wa haki, ila haufuti pengo.

16. Kompyuta inaelewa inachosema?

Mwaka 1950 Turing alipendekeza tuache swali hilo na tupime mazungumzo: kama huwezi kuitofautisha na mtu, inatosha. Mwaka 1980 John Searle alipinga, akisema mtu anaweza kufuata kanuni za kupanga alama za lugha asiyoijua na bado asielewe neno. Wanafalsafa hawajapatana tangu hapo.

Kwa matumizi ya kila siku, ushauri wangu ni kupima jambo jingine: je, ikikosea inajua imekosea? Modeli za lugha hutoa jibu la uongo kwa lafudhi ile ile ya jibu la kweli. Binadamu naye hufanya hivyo, lakini huwa na uso unaoweza kuusoma.

## Mambo ya pembeni

17. Kipi huvumilia uharibifu zaidi?

Ubongo, hasa wa mtoto. Watoto wenye kifafa kikali wamewahi kuondolewa au kutenganishwa nusu nzima ya ubongo, na wengi wakaendelea kuzungumza na kutembea, japo kwa upungufu fulani wa upande mmoja wa mwili. Prosesa ikikatwa nusu haiwaki. Kompyuta, kwa upande wake, ina faida moja ambayo hatutakuwa nayo: nakala rudufu.

18. Je, ubongo mzima unaweza kuigwa ndani ya kompyuta?

Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana seli za neva 302, na ramani ya viungio vyake ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hakuna aliyeiga maisha yake yote ya neva kwa ukamilifu, maana ramani inaonyesha nani ameungana na nani bila kusema kila kiungio kina nguvu gani. Mwaka 2024 ilikamilika ramani ya ubongo wa nzi wa matunda: seli karibu 140,000. Linganisha na bilioni 86.

Mwaka 2013 watafiti waliitumia kompyuta kuu ya K ya Japani kuiga mtandao wa seli bilioni 1.73 zilizorahisishwa. Sekunde moja ya shughuli ilichukua dakika 40. Mradi mkubwa wa Ulaya wa Human Brain Project ulianza mwaka huo huo kwa matumaini ya kuiga ubongo wa binadamu, ukafungwa 2023 ukiwa umeacha zana nyingi muhimu, lakini si ubongo.

19. Nikiunganishwa na kompyuta, nitakuwa na akili zaidi?

Vifaa vya sasa hurejesha uwezo uliopotea. Kipandikizi cha sikio la ndani huwasaidia watu viziwi kusikia. Mfumo wa BrainGate, kuanzia 2004, uliwawezesha waliopooza kusogeza kishale cha skrini kwa mawazo. Neuralink iliweka kipandikizi chake cha kwanza kwa binadamu Januari 2024. Hakuna hata kimoja kinachomwongezea mtu mzima wa afya akili au kumpakia elimu kichwani, na swali la 2 linaeleza kwa nini kupakia ni ndoto ya mbali. Kuna pia kizuizi cha mlango ambao taarifa hutoka kichwani: utafiti wa lugha 17 uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta usemi wa binadamu hubeba takriban biti 39 kwa sekunde, lugha iwe ya haraka au ya polepole.

20. Kuitegemea kompyuta kunadhoofisha ubongo?

Ujuzi usiotumika hupungua, hilo halina ubishi. Kinyume chake pia kimepimwa: mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waligundua kwamba madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kukariri mitaa ya jiji zima, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine, na inazidi kuwa kubwa kadiri dereva anavyokaa kazini. Anayefuata sauti ya ramani ya simu hafanyi zoezi hilo. Kama anapoteza kitu cha maana inategemea anautumia wapi ule muda aliouokoa.

21. Kompyuta za kwanta zitamaliza ubishi huu?

Hapana. Kompyuta hizi, zinazotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno, zinatarajiwa kuharakisha kazi za aina chache, kama kuvunja baadhi ya mifumo ya usimbaji wa siri na kuiga molekuli. Kutambua uso wa mtu au kutembea kizani si miongoni mwa kazi hizo.